Mchicha uliokufa kiu ukiwa majini

Mwishoni mwa kaskazi, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu, ilirushwa sauti ya dakika tatu. Msemaji hakujitaja jina, lakini alizungumza kwa uhakika wa mtu anayesoma hati ya nyumba yake mwenyewe. Mnazi hupenda chumvi, alisema, na mikoko huishi baharini kabisa. Basi asiye na hela ya mbolea achukue pakiti ya chumvi ya jikoni aimwage shambani, mboga zitanawiri mpaka majirani waulize. Aliyeirusha ni mjomba. Chini yake akaweka vidole gumba vitatu.

Siku mbili baadaye nikaenda Sahare, hapa Tanga, kumwamkia shangazi. Nyuma ya nyumba ana matuta ya mchicha, machache tu, ya kumtosha yeye na wateja wake wa mtaani. Yeye hakuwa amemwaga chumvi yoyote, si mtu wa kufuata sauti za simu. Ila kisima chake huingia munyu kila kaskazi ikikaza, na safari hii kilizidi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pita huku nyuma uone maajabu. Mchicha wangu umeungua."

Kweli majani yalikuwa yamelala, na kingo zake zimekauka zikawa za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na moto. Lakini udongo ulikuwa umelowa chapachapa, ukikanyaga kandambili inazama. "Namwagilia asubuhi, namwagilia jioni," akasema. "Sasa mboga inaungua vipi na maji yote haya?"

Sauti ya mjomba na swali la shangazi vina jibu moja, nalo limo kwenye utando wa seli. Nimeifundisha mada hii ubaoni kwa miaka kadhaa, na nakiri tuliifundisha vibaya. Wanafunzi walikariri majina, wakapata alama zao, wakatoka darasani bila kujua kwa nini kitunguu cha kachumbari hutoa maji. Leo nianzie jikoni na barabarani, majina yatafuata.

Tairi na tyubu

Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya. Kila kiumbe hai kimejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno. Jani moja la mchicha lina mamilioni ya vyumba hivyo. Seli ya mmea ina ukuta kwa nje na utando kwa ndani, na hivyo ni vitu viwili mbalimbali.

Ukuta ni mgumu. Umetengenezwa kwa selulosi, kitu kile kile kilichomo kwenye mbao, pamba na karatasi. Sisi wa Tanga tunaujua ukuta wa seli kuliko tunavyodhani, maana kamba ya katani ni kuta tupu. Nyuzi za mkonge ni seli zilizokwisha kufa: wenyeji wametoka, nyumba zimebaki, watu wakazisokota. Ukuta wa seli hauzuii maji wala chumvi. Uko kama dema, samaki amenaswa lakini maji yanaingia na kutoka yapendavyo.

Anayezuia ni utando, uliobanana na ukuta kwa upande wa ndani. Chukua baiskeli, chombo ambacho mtu wa Tanga haelezwi. Tairi ndilo ukuta: gumu, linashika umbo. Tyubu ndiyo utando: laini, nyembamba, na ndiyo inayoshika upepo. Tairi bila tyubu halibebi mtu. Tyubu bila tairi, ukiijaza sana, inapasuka. Ni kule kusukumana kwa viwili hivyo kunakokutoa Ngamiani kukufikisha Raskazone.

Kwenye mmea tyubu hujazwa maji badala ya upepo. Sehemu kubwa ya maji hayo hukaa kwenye mfuko mmoja katikati ya seli, unaoitwa vakuoli, na mfuko huo nao una utando wake. Katika seli iliyokomaa vakuoli huweza kuchukua asilimia 80 hata 90 ya nafasi yote. Msukumo wa humo ndani si mchezo. Gurudumu la gari dogo hujazwa upepo wa bar 2 na ushei. Seli ya jani lenye afya inaweza kufika bar 5 hadi 10. Mchicha hauna mfupa. Unasimama kwa sababu kila tyubu imejaa ikakaza, na maji yakipungua jani hulala kama baiskeli iliyochomwa na mwiba.

Na tyubu hii ni nyembamba kupita kiasi. Unene wake ni kama nanomita 7 hadi 10. Panga tando elfu kumi moja juu ya nyingine, ndipo utakaribia unene wa karatasi moja ya daftari.

Mafuta yaliyopeana migongo

Utando umetengenezwa kwa mafuta. Si yale ya kukaangia maandazi, ni jamaa zake, yanaitwa fosfolipidi. Kila molekuli ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ukizitia majini hazihitaji fundi. Zenyewe hujipanga safu mbili, vichwa vikitazama maji ya nje na ya ndani, mikia ikijificha katikati, kama safu mbili za watu waliopeana migongo.

Kwamba safu ni mbili lilijulikana mwaka 1925, pale Waholanzi Gorter na Grendel walipoyatoa mafuta kwenye chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakakuta yanafunika eneo mara mbili ya eneo la nje la chembe zenyewe. Baadaye ikaja kuonekana kwamba walikosea mahali pawili: hawakuyatoa mafuta yote, na eneo la chembe walilipima dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo yakafutana, jibu likabaki sahihi. Wanafunzi wangu walikuwa wakiipenda sana habari hii, kwa sababu zao wenyewe.

Nitoke nje ya njia kidogo. Wanyama huchanganya kolesteroli kwenye tando zao. Mimea hutumia jamaa zake wengine, na kolesteroli kwao ni chembe ya kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo chupa ya mafuta ya mimea inayojisifu kuwa "haina kolesteroli" inajisifu kama chupa ya maji ambayo ingeandikwa "hayana mifupa". Kama mafuta hayo ni mazuri kwa moyo au la, hilo ni swali jingine kabisa.

Tando hizi hazikugandamana kama plastiki. Ni za majimaji, molekuli zake zinateleza huku na huko muda wote, na ndani yake zimeelea protini, mithili ya ngalawa bandarini: nyingine zimetia nanga, nyingine zinasogea. Picha hiyo ya bahari ya mafuta yenye protini zinazoelea ilichorwa na Singer na Nicolson wa Marekani mwaka 1972, na hadi leo ndiyo inayotumika, pamoja na marekebisho ya hapa na pale.

Ukitaka kuushuhudia utando ukiwa kazini, nunua fungu la mchicha mwekundu. Osha majani mazima kwa maji baridi uyatazame maji kwenye beseni: yana mchanga, yana vumbi, lakini rangi hakuna, labda kidogo pale ulipokatika mshipa. Sasa bandika sufuria. Ukichemka tu, maji yote yamekuwa mekundu kama sharubati. Rangi ile haikuletwa na moto. Ilikuwamo tangu asubuhi, imefungiwa ndani ya vakuoli; ilizungukwa na maji pande zote na ilishindwa kutoka, kwa sababu ya tando mbili nyembamba kuliko kitu chochote ulichowahi kushika. Moto umeziharibu, rangi ikatoka. Barafu nayo hufanya hivyo hivyo. Mboga iliyoganda kwenye friji, umeme ukakatika ikayeyuka, hulegea moja kwa moja hata uiloweke kutwa. Vipande vya barafu vimechana tando. Tairi bado lipo, tyubu imetoboka.

Si chujio

Hapa nataka nikae, maana kosa kubwa liko hapa, na nimelifanya mimi mwenyewe mara nyingi. Tunapenda kusema utando ni chujio. Chujio la tui lina sheria moja: kidogo kinapita, kikubwa kinabaki. Utando hauijui sheria hiyo.

Tazama. Oksijeni na kabonidioksidi hupita katikati ya mafuta bila kubisha hodi. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi, ambayo peke yake ni ndogo kuliko molekuli ya oksijeni, haipiti. Kwa nini? Kwa sababu chumvi ikiyeyuka hugawanyika vipande viwili vyenye chaji ya umeme: sodiamu yenye chaji chanya na kloraidi yenye chaji hasi. Vipande vya namna hiyo huitwa ioni. Kitu chenye chaji hujifunika maji kama mtu aliyejifunga shuka, na wewe umeshaona mafuta na maji vinavyokaa juu ya mchuzi. Kinachoamua ni tabia ya kitu kabla ya ukubwa wake.

Basi vyenye chaji hupitia wapi, na mmea unavihitaji? Hupitia kwenye zile protini zinazoelea. Hizo ndizo milango, na kila mlango una mambo yake.

Uko mlango wa maji. Zamani ilidhaniwa maji hujipenyeza tu kwenye mafuta, na kweli hujipenyeza kidogo. Kisha Mmarekani Peter Agre akakuta kwa bahati, akiwa anachunguza jambo jingine kwenye damu, protini iliyojaa tele na isiyojulikana kazi yake. Mwaka 1992 yeye na wenzake waliyafanya mayai machanga ya chura yaitengeneze protini hiyo, wakayatia kwenye maji. Yai la chura la kawaida hukaa majini salama, maana ndiko linakotagwa. Yale yenye protini yalivimba yakapasuka katika dakika chache. Protini ikapewa jina akwaporini. Tundu lake moja hupitisha molekuli za maji zipatazo bilioni 3 kwa sekunde, zikiwa zimepanga foleni moja nyuma ya nyingine. Binadamu tuna aina 13 za matundu hayo. Arabidopsis, kimmea kidogo kama gugu ambacho wanasayansi hupenda kukichunguza, kina 35. Ukikaa sehemu moja maisha yako yote huwezi kwenda kutafuta maji, sharti uwe na milango ya kutosha.

Uko mlango wa potasiamu, na huu ndio unaolivunja kabisa neno chujio. Ioni ya potasiamu ni kubwa kuliko ya sodiamu. Hata hivyo mlango wake hupitisha potasiamu takriban elfu kumi kwa kila sodiamu moja. Umewahi kuona chujio la kupitisha kikubwa na kuzuia kidogo? Mwaka 1998 Roderick MacKinnon na wenzake walipiga picha ya umbo la mlango wa aina hii, uliotoka kwa bakteria, na siri ikaonekana. Ili kupita, ioni lazima ivue lile shuka la maji, na kuvua kuna gharama. Ndani ya mlango zimepangwa atomi za oksijeni kwa nafasi inayoikaa potasiamu barabara, ikajiona kama bado imo ndani ya shuka lake. Sodiamu ni ndogo, haizifikii kuta zote, inapwaya kama mguu wa mtoto kwenye kiatu cha baba yake. Haioni faida ya kuvua, inabaki nje. Agre na MacKinnon waligawana Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Milango hiyo yote haina kiingilio. Kitu hutoka penye kingi kwenda penye kichache, ni mteremko tu. Kinachogharimu ni kupandisha mlima, na kazi hiyo hufanywa na pampu. Pampu kuu ya seli ya mmea inachukua nishati iliyotokana na sukari na kuitumia kutupa nje ioni za haidrojeni, usiku na mchana. Matokeo yake ndani ya seli hubaki na chaji hasi kuliko nje, tofauti ya millivolti 120 hadi 200 hivi, kama sehemu ya kumi ya betri ya tochi. Si haba kwa ngozi isiyofika hata sehemu ya elfu kumi ya unene wa karatasi. Zile haidrojeni zilizofukuzwa zinatamani kurudi, na seli inaziruhusu kwa sharti moja, kama zile shughuli ambazo mtu haingii peke yake: kila anayerudi aje na mgeni mkononi. Mgeni huyo ni naitreti, au fosfeti, au sukari. Mbolea unayoitupa shambani huingia mzizini kwa mtindo huo, imeshikwa mkono.

Na sasa jambo ambalo, kama utasahau mengine yote niliyoyaandika, hili lishike. Katika milango na pampu zote hizo, hakuna pampu ya maji. Haipo. Mmea hauna namna ya kuyasukuma maji yenyewe yaingie kwenye seli. Unachoweza ni kupanga vile vilivyoyeyuka, uviweke upande huu au ule, na maji yatavifuata. Kule kufuata ndiko kunakoitwa osmosisi: maji kupita kwenye utando kutoka upande wenye vitu vichache vilivyoyeyuka kwenda upande wenye vingi.

Tazama jani linavyopumua. Chini ya jani kuna matundu madogo, kila moja limezungukwa na seli mbili kama midomo. Seli zikivuta potasiamu ndani, maji yanafuata, zinavimba na kupinda, mdomo unafunguka. Zikiitoa, maji yanatoka nayo, zinalegea, mdomo unafumba. Ile K iliyoandikwa kwenye mfuko wa mbolea ni potasiamu, na hiyo ni mojawapo ya kazi zake. Mkonge hufungua midomo hiyo usiku na kuifumba mchana wakati jua linawaka, ndiyo maana unaliona shamba la mkonge limesimama wima wakati nyasi za kando ya barabara zimeshakuwa majivu.

Kisima cha shangazi

Turudi Sahare, kwenye kachumbari. Kata kitunguu, nyunyiza chumvi, kiache kwa dakika kumi. Chini ya bakuli kuna maji. Chumvi haikuja na maji; yametoka ndani ya kitunguu. Nje ya seli kumekuwa na vingi vilivyoyeyuka, na maji yamefuata. Achari ya embe huanza hivyo hivyo, na kwenye achari ndicho tunachokitaka.

Kwenye tuta la mchicha hatukitaki. Maji ya bahari yana chumvi kama gramu 35 kwa lita, na mvuto wake wa maji ni wa bar 25 hivi. Mchicha wa kawaida hauna cha kushindana nao. Kisima cha shangazi bila shaka hakikuwa bahari. Lakini kila alipomwagilia, jua liliyachukua maji na kuiacha chumvi, kesho yake akaongeza nyingine juu yake. Maji ya kidogo kidogo, asubuhi na jioni, hayakuwa yakishuka chini kuisukuma. Siku ikafika mvuto wa nje ukaushinda wa ndani. Udongo umelowa, mzizi umo ndani ya maji, na maji yanatoka mzizini badala ya kuingia. Ukiitazama seli wakati huo kwa hadubini utaona tyubu imenywea, imejikunja katikati, imeachana na tairi.

Shangazi alisikiliza, akaniuliza, "Na hii kahawia? Hii si kuungua?"

Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa darasani. Kiu ni hatua ya kwanza, na huja upesi. Ya pili huja taratibu. Sodiamu inapokuwa nyingi nje, hupata upenyo kwenye milango isiyochagua sana, ikapanda na maji mpaka jani. Jani linayatoa maji hewani, sodiamu inabaki, na inarundikana kule mwisho wa safari, kingoni. Humo inakaa kwenye nafasi za potasiamu na kuvuruga kazi za seli. Hapo ni sumu hasa. Kwa hiyo nilimpa haki yake: neno kuungua lina nusu ya ukweli, ila moto hakuna.

Ndivyo ilivyo pia kwa ule usemi kwamba mbolea ya dukani "ina moto". Niliwahi kuambiwa na muuzaji mmoja, nikiwa na miche ya nyanya iliyotimiza wiki tatu, kwamba niweke kiganja kizima kila shina ili ishike haraka. Kufika alasiri miche yote ilikuwa imeinama kama imefiwa. Wataalamu wetu wa kilimo tangu zamani wanaiita mbolea ya chumvichumvi, na jina hilo limesema kila kitu. Ni ile kachumbari, imehamia shambani. Ikiwekwa kidogo, mbali na shina, na maji ya kutosha, hakuna tatizo.

Wakulima wa karibu na mdomo wa mto Pangani wanaijua kwa ukubwa zaidi: maji ya mto yakipungua, bahari inapanda juu, inaingia kwenye udongo wa mashamba.

Mikoko je? Msemaji wa ile sauti aliiita shahidi wake, basi tumhoji shahidi. Nenda Tongoni maji yakiwa yamekupwa. Mkoko wenye miguu kama buibui huiacha chumvi nje, zaidi ya asilimia 90 yake, kwenye mizizi. Mzizi wowote, hata wa mchicha, una mkanda usiopitisha maji kwenye kuta za seli zake za ndani. Mjerumani Robert Caspary aliueleza mwaka 1865, na bado unaitwa kwa jina lake. Mkanda huo unaziba njia ya dema, yaani ile ya kupitia kwenye kuta, kwa hiyo hakuna kitu kinachofika juu bila kukaguliwa na utando. Mkoko umeuimarisha sana mkanda huo. Mchu una njia nyingine. Unaikubali chumvi kiasi, kisha unaitoa kwa tezi zilizo kwenye majani. Siku ya jua kali chuma jani la mchu ulilambe, utadhani limepikwa. Inayobaki, miti hii huifungia kwenye vakuoli, mbali na sehemu za seli zinazofanya kazi.

Kutoa na kufungia huko kunaendeshwa kwa pampu, na pampu hula sukari ambayo mti ungeitumia kukua. Mikoko mingi hustawi zaidi pale maji ya mto yanapochanganyika na ya bahari kuliko penye chumvi kali. Inaishi kwenye chumvi kama mtu anavyoishi mjini kwenye kodi kubwa: analipa, lakini usimwambie anaifurahia.

Kwa mnazi sauti ile ilisema kweli, na ndiyo maana ilipata wasikilizaji. Mnazi unahitaji kloraidi nyingi kuliko mimea mingi. Huitumia kwenye ile kazi ya kufungua na kufumba midomo ya majani. Ufilipino wakulima hutiwa moyo kuweka chumvi kwenye minazi yao, hasa iliyo mbali na bahari, kwa kipimo. Lakini mnazi una uvumilivu wake, mchicha hauna, na maharage, karoti na vitunguu ni dhaifu kuliko mchicha. Kwenye bustani za pwani bitiruti na spinachi huvumilia zaidi.

Shangazi alitaka dawa. Jirani yake alikuwa amemwambia ayachemshe maji ya kisima kwanza, chumvi iondoke. Nikamwambia atakuwa anafanya kazi ya mashamba ya chumvi: kinachopanda na mvuke ni maji, chumvi inabaki imekolea zaidi. Kuna mita ndogo za kupima chumvi ya maji kwa jinsi yanavyopitisha umeme. Kwa vipimo vya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, maji ya umwagiliaji yaliyo chini ya desisimens 0.7 kwa mita hayana shida, yakipita 3 yana tatizo kubwa. Ya bahari huzidi 50. Tukaazima mita kwa bwana shamba. Kisima cha shangazi kilisoma 4.1.

"Kwa hiyo dawa?"

"Maji matamu mengi kwa mara moja, yashuke chini yaiondoe. Na ufunike udongo kwa nyasi, jua lisiyanyonye."

"Maji matamu mengi niyatoe wapi mimi?"

Tukatazama juu, wote wawili. Masika ilichelewa wiki mbili, ikaja. Mvua ilipiga siku nne mfululizo, matuta yakafurika, maji yakakimbilia mtaroni. Mchicha wa zamani ulikuwa umeshakufa, hakuna utando unaofufuka. Akasia upya, ukaota.

Nikarekodi sauti yangu nami, dakika nne, nikairusha kwenye kundi la ukoo. Kimya kutwa nzima. Usiku mjomba akaandika: "Sasa mnazi wangu niutie chumvi au nisiutie?"

Nikamuuliza upi. Akasema ule wa Mwambani, kwa bibi, ulioinamia ufukweni. Mnazi ule bamvua likijaa unaguswa na povu, na kusi yote unaoga marasha ya bahari.

"Huo, mjomba, upepo umeshautilia."

Akaweka kidole gumba kimoja.